Uchovu Usio wa Kazi

Nilikuwa shagala, yaani mtumishi wa nyumbani, Riyadh, baadaye nikapata kafili (mdhamini) mwingine Jeddah. Vipimo vya iqama, kibali cha ukaazi, vikaonyesha VVU, na Saudia mgeni mwenye virusi hapewi ukaazi, basi nikapandishwa ndege. Sasa niko Mombasa, nakaanga mahamri kila alfajiri na dawa nazimeza. Haya ni ya uchovu peke yake. Ya airport nitayasimulia siku nyingine.

1. Usiisingizie kazi kila kitu. Riyadh kila mmoja wetu alikuwa hoi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake kulikoni. Ramadhani ndiyo usiseme: mchana unakunja sambusa na kukoroga shorba, usiku wageni, kisha daku, na adhana ya alfajiri inakukuta kwenye sinki. Lakini uchovu wa kazi ukilala unapungua. Wangu ulikuwa unaamka na mimi. Shuka ilikuwa imelowa jasho ilhali kiyoyozi kinavuma, na kanzu niliyokuja nayo ikaanza kunipwaya. Wenzangu wakasema ni hewa ya jangwani. Jasho la usiku, kukonda, homa za kuja na kwenda: hayo yanapimwa, hayavumiliwi.

2. Pumzika bila kungoja ruhusa. Kanuni ya Saudia ya 2013 ilimpa mfanyakazi wa nyumbani angalau saa 9 za mapumziko kwa siku, kwenye karatasi. Wa mjengo nao wana marufuku ya kazi za juani, saa sita hadi saa tisa mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Jiko halimo. Nikajifunza kukata vitunguu nimekaa, kupiga pasi nimekaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, na mama wa nyumba akijilaza baada ya adhuhuri, nami najilaza. Mpaka leo unga wa mahamri naukanda nimekaa kwenye kigoda. Jirani husema nimezeeka mapema. Na aseme.

3. Kunywa maji kabla ya kiu. Riyadh ni kukavu, jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hukutoka jasho. Jeddah ni bahari, unyevu unakushika mwilini, hapo angalau unajua unalowa. Kote kuwili kichwa kilikuwa kikiuma jioni, na mara nyingi dawa yake ilikuwa bilauri mbili za maji, tende chache na laban yenye chumvi kidogo.

4. Dawa nazo zina saa zake. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge tunachopewa wengi wetu, huwanyima watu wengine usingizi. Mimi ni mmojawapo. Muuguzi aliponishauri niimeze asubuhi badala ya usiku, nikaanza kulala. Kisha akapima damu, ikaonekana imepungua, nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Hivyo havimezwi ovyo pamoja na dolutegravir: ARV itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6, vinginevyo chuma kinaizuia kuingia mwilini. Ukiwa na vidonge vya tumbo au vya kalsiamu, uliza vilevile. Na ukichoka moyo, ukawa hutaki hata kuoga, hilo nalo lisemee kliniki. Huzuni huchosha kuliko kufua mazulia.

5. Usiache dawa ili upite medical ya kwenda Uarabuni. Msichana wa mtaani kwetu alinijia na ushauri wa wakala: aache ARV miezi kadhaa, damu itakuwa safi. Kipimo kinatafuta kingamwili, na hizo hazitoki kwa kuacha dawa. Kinachorudi ni virusi, na uchovu wa kwanza pamoja navyo. Hata ambaye virusi vyake vimeshuka mpaka havionekani, asiyeweza kumwambukiza mwenziwe kwa ngono, kipimo hicho kitamshika. Nilimwambia amwulize wakala kama ada inarudishwa akikataliwa. Wakala akaacha kushika simu.