Programu Zinazojiwasha Zenyewe: Pa Kuzitafuta Kwenye Windows

Kompyuta nyingi ninazoletewa kwa sababu "imekuwa nzito" hazina kasoro yoyote ya vifaa. Zinawaka, zinafika kwenye neno la siri, halafu mwenye mashine akishaingia anasubiri wee. Muda huo programu chungu nzima zinagombania diski kwa pamoja, na mashine zenye diski ya zamani ya kuzunguka ndizo zinazoteseka zaidi. Mwenyewe hakuziita. Zilijiandikisha siku alipoziweka, akabofya Next bila kusoma.

Mimi huanzia Task Manager. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ingia Startup, ambayo kwenye Windows 11 imeandikwa Startup apps. Ukurasa huu umekuwa hapo tangu Windows 8. Kwenye Windows 7 tulikuwa tunaandika msconfig. Angalia safu ya Startup impact. Palipoandikwa High, programu hiyo wakati wa kuanza ilikula zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au ilisoma na kuandika zaidi ya megabaiti 3 kwenye diski. Programu za mikutano, za muziki na za kupakua faili zima bila wasiwasi, kwani zitafunguka tu utakapozihitaji. Antivirasi usiiguse, na ya sauti au ya tachipedi iache pia.

Kuzima hapa hakufuti chochote. Mstari wa programu unabaki palepale ulipoandikwa, na Windows inaweka alama yake kwenye sehemu ya rejistri iitwayo StartupApproved. Kwa hiyo ukibadili mawazo unabofya Enable na mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Vijana wanaojifunza ufundi nawasisitizia hili kila mara: zima kwanza, mteja aitumie mashine siku kadhaa, ndipo mfikirie kuondoa.

Mistari yenyewe inakaa wapi? Mahali rahisi ni folda ya Startup. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, piga Enter. Ya watumiaji wote inafunguka kwa shell:common startup. Folda hii ina manufaa pia: mwenye duka anayetaka faili lake la mauzo lifunguke kila asubuhi, aweke shotikati yake humo, basi. Mahali pa pili ni rejistri. Andika regedit, kisha shuka HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, mpaka Run. Njia hiyohiyo ipo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE kwa watumiaji wote. Kila mstari una jina na mahali faili lilipo.

Hapo kwenye Run ndipo nimekutana na virusi vya flashi mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Kila mwenye steshenari anavijua: "Fundi, mafaili yangu yote yamegeuka shotikati!" Mteja akibofya shotikati, folda inafunguka kama kawaida, lakini nyuma yake skripti inaendeshwa na kujinakili kwenye kompyuta. Ukisoma Run unakuta mstari unaoita wscript.exe na faili linaloishia na .vbs, limejificha ndani ya AppData. Mara nyingi nakala nyingine iko kwenye folda ya Startup. Ukisafisha flashi peke yake unajichosha, maana skripti bado inafanya kazi na itaichafua tena papo hapo.

Anza na mashine. Kwenye Task Manager simamisha wscript.exe, lakini usilifute faili lake, kwa sababu ni la Windows yenyewe; virusi vimelitumia tu. Futa mstari kule Run, futa faili la .vbs, kagua folda ya Startup, halafu pitisha antivirasi. Sasa geukia flashi. Kama imesomeka kama E, fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zilizofichwa zitaonekana. Futa zile shotikati na skripti iliyokuja nazo. Mafaili ya mteja yalikuwa humo muda wote.

Kuna zinazojianzisha bila kuonekana kwenye orodha ya Task Manager. Nyingine zimepangwa kwenye Task Scheduler ziamke mtu anapoingia. Huduma za kwenye services.msc zilizowekwa Automatic huanza hata kabla hujaandika neno la siri, na zenye Delayed Start huchelewa kama dakika 2. Huduma usiyoijua iache.

Kuviona vyote kwa mpigo natumia Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals iliyoandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell; Microsoft iliinunua kampuni yao mwaka 2006. Washa Hide Microsoft Entries ili ubaki na vya wengine tu. Mstari wa njano maana yake faili lake halipo tena. Ondoa tiki badala ya kubofya Delete.

Ukimaliza, pima kwa Restart. Tangu Windows 8, Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down hulaza kiini cha mfumo na huduma zake kwenye diski na kuviamsha vilevile kesho yake, na huduma uliyozuia isianze inaweza kuamka pamoja navyo kama hukuisimamisha kabisa.