Masomo ya Nyumbani kwa Watoto Wadogo Mwanzoni mwa Mwaka

Kila mwaka ifikapo Januari, shule za Karatu na Ngorongoro hufungua milango yake na watoto wapya huja kuandikwa. Baba humshika mwanawe mkono, mama hutafuta sare, na mwalimu mkuu huandika jina katika kitabu. Siku hiyo watu wengi hudhani kwamba elimu ya mtoto ndiyo kwanza yaanza. Sivyo. Elimu yake ilianza siku ile alipojifunza kumwita mama yake, na walimu wake wa kwanza walikuwa watu wa nyumba yake. Basi katika somo hili twataka kueleza kazi ya walimu hao wa kwanza: yawapasa kufundisha nini, kwa lugha gani, kwa muda gani na kwa vyombo gani.

Lakini kwanza wasomaji wafahamu kwamba hatusemi mtoto azuiliwe nyumbani asiende shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka 7, na Sera ya Elimu, toleo la 2023, yataka aanze darasa la kwanza akiwa na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa darasa la awali. Tena tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, kuanzia elimu ya awali hata kidato cha nne. Somo la nyumbani halishiki mahali pa shule. Kazi yake ni kuitangulia shule na kuisaidia, kama vile mkulima atayarishavyo shamba kabla ya mvua. Asiyetayarisha shamba hawezi kuilaumu mvua.

I. SABABU ZILIZOKO KATIKA NCHI HIZI

Sababu ya kwanza ni lugha. Katika shule za msingi za Serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, lakini nyumba nyingi za huku hazisemi Kiswahili. Mtoto wa Karatu mara nyingi asema Kiiraqw. Mtoto wa Ngorongoro asema Kimaasai. Kando ya Ziwa Eyasi wako Wadatoga na Wahadzabe, na katika wilaya ya Ngorongoro wako Wasonjo pia. Lugha hizi si za ukoo mmoja. Kisonjo ni cha jamii ya Kibantu kama Kiswahili. Kimaasai na Kidatoga ni Kiniloti. Kiiraqw ni Kikushi. Na Kihadzabe hakina ndugu ajulikanaye. Kwa hiyo yuko mtoto ambaye siku ya kwanza darasani hasikii hata neno moja analolijua. Mwalimu amwuliza, naye anyamaza. Baada ya majuma machache huitwa mjinga, wala si mjinga, ni mgeni. Mtoto aliyezoea kuitwa mjinga hatimaye husadiki, na huyo ndiye ambaye baada ya miaka miwili mitatu hatumwoni tena shuleni.

Sababu ya pili ni umbali. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, lina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292, na maboma yake yametawanyika. Njia ya kwenda shule ndiyo njia ya nyati na tembo pia. Mzazi mwenye akili haogopi bure. Ndiyo maana zilianzishwa shule shikizi, yaani madarasa machache yaliyojengwa karibu na makazi, chini ya uangalizi wa shule kubwa, ili watoto wadogo wasiende mbali. Hata hivyo wako watoto ambao miguu yao haijapata nguvu ya safari hiyo, na mzazi huona heri wangoje. Basi ikiwa mtoto amengoja, je, miaka hiyo ipotee bure?

II. LUGHA YA MAMA KWANZA

Wazazi wengine hudhani kwamba ili mtoto ajue Kiswahili upesi, yapasa kumkataza lugha ya nyumbani. Jambo hili si kweli. Mtoto afahamuye kitu kwa lugha yake huhitaji kujifunza jina jipya tu. Mtoto asiyefahamu kitu, hujifunza jina lisilo na maana.

Mfano mzuri watoka Nigeria. Mwaka 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ife, wakiongozwa na Babatunde Fafunwa, waliwachukua watoto wa Kiyoruba wakawafundisha masomo yote ya miaka 6 ya shule ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza wakakifundisha kama somo mojawapo. Watoto hao waliwashinda wenzao waliogeuziwa lugha mapema, wala Kiingereza chao hakikuwa nyuma.

Tazama na mfano wa huku kwetu. Mtoto wa Kimaasai ajuaye kwamba kumi ni tomon, na kwamba kumi na moja ni tomon o nabo, tayari anayo maana yote ya kumi na moja: ni kumi pamoja na moja. Hali kadhalika mtoto wa Kiiraqw ahesabuye wak, tsar, tam, amekwisha kuwa na moja, mbili, tatu. Yabaki kumpa majina ya Kiswahili tu. Basi mama ashike kitu, akitaje kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, na mtoto afuate. Maneno matatu kila siku yatosha. Kwa miezi mitatu hayo yamepita maneno 200, nayo ni akiba kubwa kwa mtu wa miaka 5.

Tena sauti nyingine za Kiswahili hazimo katika lugha ya nyumbani. Kwa mfano, Kimaasai hakina f, v wala z. Mtoto asemapo «fimbo», «vazi» na «zawadi» kwa shida, asichekwe. Ayaseme maneno hayo taratibu nyumbani, mbele ya watu wampendao, kabla hajayasema mbele ya darasa zima.

III. NUSU SAA YA SOMO

Mtoto wa miaka 5 au 6 hawezi kukaza nia yake kwa muda mrefu. Somo la nyumbani lisizidi nusu saa, lakini liwe kila siku, na saa yake isibadilike. Katika boma, watoto wadogo huchunga ndama na wana wa mbuzi karibu na nyumbani. Somo lao laweza kuwa jioni, wanyama wakiisha kufungwa. Katika mashamba ya Karatu, au kwenye vitunguu vya Mang'ola, wazazi hurudi wamechoka. Huko yafaa asubuhi baada ya uji, kabla ya jembe. Nusu saa hiyo igawanywe hivi:

1. Mazungumzo. Mtoto asimuliwe hadithi fupi, kisha aulizwe: Ni nani alikuwako? Alifanya nini? Kwa nini? Kesho yake aisimulie yeye. Mtoto awezaye kusimulia jambo kwa utaratibu, mwanzo, katikati na mwisho, amekwisha kuanza kujifunza kusoma.

2. Hesabu. Chukueni maharage, kokoto, au magunzi ya mahindi. Mtoto ahesabu mpaka 5, akiweza aende mpaka 10. Kisha afunge vijiti kumi kumi kwa kamba ya mgomba au ya katani. Kila fungu ni kumi moja. Aulizwe: «Mbuzi wanane walitoka, sita wamerudi, wangapi wako nje?» Mchungaji mdogo huifahamu sana hesabu hii, maana akikosea atalala bila mbuzi.

3. Mkono. Asianzishwe herufi mara moja. Achore kwanza mistari ya kusimama, ya kulala, na duara, kwa kidole katika majivu au mchanga, au kwa mkaa juu ya ubao. Akiisha kuzoea, aandike jina lake. Hapana herufi apendazo mtoto kuliko za jina lake mwenyewe.

4. Herufi. Kiswahili chaandikwa kama kisemwavyo, nasi tushukuru kwa jambo hilo, kwa kuwa watu wa lugha nyingine hutaabika sana. Aanze na a, e, i, o, u. Kisha ma, me, mi, mo, mu. Kisha aunge: ma na ma ni «mama», mi na mi ni «mimi». Asipewe silabi mpya mpaka zile za jana zimekaa.

Juma la kwanza la mwaka fanyeni mazungumzo na hesabu tu. Juma la pili ongezeni mkono. Herufi ziingie juma la tatu. Mwenye haraka atajenga ukuta bila msingi.

IV. MZAZI ASIYEJUA KUSOMA

Wengi watasema, «Mimi sikusoma, nitamfundishaje mtoto?» Ninyi ndio tunaowaambia hasa. Katika sehemu nne tulizozitaja, mazungumzo, hesabu na mistari hazihitaji kitabu. Bibi asiyejua herufi hata moja aweza kuwa mwalimu bora wa hadithi katika kata nzima. Kuhusu herufi, mtumieni mtoto mkubwa aliye darasa la nne au la tano. Amfundishe mdogo wake, na mzazi akae karibu asikilize. Faida ni mbili: mdogo hupata somo, na mkubwa huimarisha lile alilolijua nusu. Huenda na mzazi naye akatoka na herufi tano.

Jambo hili lilikwisha kupimwa. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilifunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka 29 Juni. Katika muda huo masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni ya TBC. Lakini redio husema na watu wote kwa pamoja. Haimwoni mtoto aliyelala, wala aliyeshika kalamu vibaya. Watu wa Australia walilijua hilo zamani. Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs, walianzisha shule ya redio kwa watoto wa wafugaji wakaao mbali sana wao kwa wao, na katika kila nyumba ilipasa awepo mama au mtu mwingine wa kukaa na mtoto. Na sisi wenyewe mwaka 1973 tulikuwa na mafunzo ya «Mtu ni Afya», ambayo watu wapata milioni 2 waliyasikiliza redioni katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Katika habari hizi zote jambo ni moja: chombo ni msaidizi, mwalimu ni mtu aliyekaa kando ya mwanafunzi. Kwa hiyo hata leo simu yenye herufi na nyimbo ikitumiwa, mtoto asiachwe peke yake nayo.

V. MAMBO YA KUJIHADHARI

Msimpige mtoto kwa ajili ya somo. Atalichukia somo, na fimbo haitamfundisha herufi. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Msimfundishe akiwa na njaa. Wala msimwite mvulana kwenye somo huku msichana akitumwa maji. Ikiwa maji lazima yaletwe, somo lingoje mpaka arudi. Msichana huyu kesho atakuwa mama, yaani mwalimu wa kwanza wa nyumba nyingine. Anayemnyima somo amewanyima na watoto wake.

VI. KAZI YA VIONGOZI NA WALIMU

Wenyeviti wa vijiji, watendaji na malaigwanani wanaweza kulisaidia jambo hili bila kutoa fedha. Waandike majina ya watoto wote watakaofikia umri wa darasa la awali mwakani, kitongoji kwa kitongoji, wala wasingoje Januari. Wachague kivuli cha mti ambapo watoto wa nyumba nne au tano watakutana. Wamtafute kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne na aliye nyumbani bila kazi, awasimamie. Tena wapange watoto waendao shule waende pamoja, pamoja na mtu mzima, maana mnyama wa mwitu humwona mtoto mmoja kuliko kundi.

Nanyi walimu, hasa mliotoka mikoa mingine, jifunzeni salamu na maneno kumi ya lugha ya watoto wenu kabla shule haijafunguliwa. Mtoto akisikia neno la nyumbani kinywani mwa mwalimu siku ya kwanza, atajua kwamba hapo pia ni kwake.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA MKUTANO

1. Katika kitongoji chetu wako watoto wangapi wa miaka 5, na wangapi wao wamekwisha kuandikishwa?
2. Ni lugha gani isemwayo nyumbani kwao, na ni nani kati yetu aijuaye lugha hiyo pamoja na Kiswahili?
3. Katika nyumba yako, ni nusu saa ipi ya siku iwezayo kuwa ya somo bila kukosa?
4. Ni vitu gani vilivyoko nyumbani vifaavyo kwa hesabu?
5. Mtoto wa kwanza kuacha shule katika kijiji chetu mwaka jana aliacha kwa sababu gani, na nyumba yake ingaliweza kufanya nini kabla hajaanza?