Boksi jipya la TV: nunua au subiri?
Kabla hujatoa hela Kahama au Katoro, pima bando kwanza. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, ya 4K hadi GB 7. Kwa anayetegemea hotspoti ya simu machimboni Nyarugusu, boksi la 4K ni mbwembwe tu, na kama runinga yako si ya 4K hutaona tofauti.

Boksi ulilonalo linakwamakwama? Futa programu usizotumia, lizime, liwashe upya. Libadilishe pale programu unazozitegemea zinapokataa kusasishwa. Ukinunua jipya, lijaribu palepale dukani kwa intaneti ya simu yako.

Unataka Ligi Kuu tu? Kisimbuzi cha Azam kinatosha, tena hakili bando.