Mpe Mtoto Zamu ya Kusema

"Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, na bado hajui kuandika hata jina lake. Nimtafutie mwalimu wa tuisheni?" Swali hili huulizwa sana na wazazi, hasa mijini, ambako mtoto wa jirani hurudi kutoka chekechea na begi lililojaa madaftari. Jibu ni hapana. Katika umri huu mtoto hahitaji tuisheni. Anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye na kumsikiliza kila siku. Mtoto anayeweza kueleza shida yake, kufuata maelekezo, kusimulia jambo lililotokea na kuuliza asichokijua, akifika darasa la awali mwalimu ana pa kuanzia. Asiyeweza hayo atapata taabu, hata kama amekariri herufi zote.

Makala haya ni kwa mzazi, bibi, shangazi, dada wa kazi na yeyote anayeshinda na mtoto wa miaka 3 hadi 5. Yaliyomo yanafanyika nyumbani, bila gharama, katikati ya shughuli za kila siku.

Kwa nini mazungumzo?

Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo ya uhai. Pamoja na chakula bora, usingizi na usalama, mtoto anahitaji kuitikiwa. Anaonyesha kitu, mkubwa anakitaja. Anauliza, mkubwa anajibu, naye anaongeza lake. Ndiyo sababu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe na ulinzi wa mtoto.

Kumwamrisha mtoto si kuzungumza naye. "Njoo hapa," "acha hiyo," "maliza chakula" ni maneno anayoyasikia kutwa nzima, na hayamtaki aseme chochote. Mazungumzo yana zamu: wewe unasema, naye anasema, na kila mmoja anajali alichosema mwenzake.

Nini cha kutarajia kwa kila umri

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, lakini kuna vipimo vya jumla vinavyomsaidia mzazi.

- Wakikaribia miaka 3, wengi huunga sentensi ya maneno matatu au zaidi, hutaja majina yao, na hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya wanachosema.
- Miaka 4, husimulia walichokiona, hufuata maelekezo ya hatua mbili, kwa mfano "chukua kikombe, kampelekee bibi," na huuliza "kwa nini?" bila kuchoka.
- Miaka 5, husimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, hueleza ya jana na ya kesho, na karibu kila mtu huwaelewa.

Sauti ngumu kama r, dh, th na gh zinaweza kuchelewa kunyooka. Hilo peke yake lisikutie wasiwasi.

Darasa liko jikoni na uani

Huna haja ya kutafuta muda wa ziada. Mshirikishe mtoto katika kazi unayoifanya. Tuseme mama anachambua maharage, na mwanawe wa miaka minne amekaa karibu.

"Mama, hii mbaya," anasema mtoto, ameshika harage lililotobolewa.

"Eee, harage hili ni bovu. Umejuaje?"

Mtoto yuko kimya. Mama naye haongezi neno. Anamtazama tu, anasubiri.

"Lina tundu."

"Kweli, lina tundu. Nani kalitoboa?"

"Mdudu."

"Na huyo mdudu yuko wapi sasa?"

Mtoto anachungulia tunduni. "Ametoka. Ameenda kwao."

Hayo yote hayakufika hata dakika moja, na kazi haikusimama. Mama hakumkaripia kwa kusema "hii". Alirudia sentensi kwa usahihi, "harage hili," na mtoto akaja kusema "lina" mwenyewe. Aliuliza maswali yanayomtaka mtoto afikiri, si yale ya kujibiwa ndiyo au hapana. Na alipokutana na kimya, alisubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi wetu. Mtoto mdogo anahitaji sekunde kadhaa kupanga maneno yake, nasi tukiona kimya tunamjibia, na nafasi yake inapotea.

Kila kazi ya nyumbani ina maneno yake. Wakati wa kufua, mtoto atafute soksi zinazofanana na ataje rangi. Gengeni, achague nyanya zilizoiva na aeleze kwa nini ameiacha ile nyingine. Ndani ya daladala, ataje anachokiona dirishani. Wakati wa kuoga, viungo vya mwili vitajwe kimoja kimoja, kisogo, kiwiko, kifundo cha mguu, maana msamiati huo haukai kichwani kwa kuambiwa mara moja.

Kanuni nne za kuzungumza na mtoto

1. Shuka usawa wake. Chuchumaa au kaa, mtazamane. Mtoto akiuona uso wako huona pia jinsi mdomo unavyotamka.
2. Fuata anachokipenda. Kama yuko kwa sisimizi, zungumzeni habari za sisimizi. Mtoto hujifunza maneno kwa wepesi yanapohusu kitu anachokitazama.
3. Ongeza kidogo. Akisema "gari," sema "gari kubwa linapita." Akisema "gari kubwa," sema "gari kubwa limebeba mchanga."
4. Rekebisha kwa kurudia, usimcheke. Mtoto akichekwa mbele ya watu hujifunza kunyamaza.

Na maswali ya "kwa nini" yajibiwe. Usipojua jibu, mwambie, "Sijui, tumuulize babu." Atajifunza kwamba asiyejua huuliza.

Hadithi na vitendawili

Waswahili hatukuanza jana kuwafundisha watoto kwa maneno. Msimulizi anaposema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", tayari wana zamu yao, na wanajua hadithi ni ya wote. Endeleza zamu hiyo ndani ya kisa chenyewe. Simama katikati uulize, "Unadhani Sungura atafanya nini sasa?" Kesho yake mwambie mtoto amsimulie baba. Kisa kile kile kirudiwe mara nyingi, kwa kuwa mtoto anayekijua tayari ndiye anayeweza kukisimulia.

Vitendawili vya wakubwa ni vigumu kwa umri huu. Tunga vyepesi kwa kueleza kitu: "Ni tunda, ganda lake ni la njano, tumbili hulipenda sana." Akishatambua kuwa ni ndizi, naye atege chake, hata kama jibu linaonekana wazi.

Kitabu cha picha kikipatikana, kisomwe pamoja, mtoto akifunua kurasa na wewe ukipitisha kidole chini ya maneno. Kisipopatikana, kalenda ya ukutani, picha za harusi na gazeti la zamani vinatosha kuanzisha mazungumzo: nani huyu, anafanya nini, kwa nini amevaa hivi?

Herufi na hesabu, bila kulazimisha

Stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, ndizo kiini cha mtaala wa darasa la kwanza na la pili. Kabla ya hapo mtoto aandaliwe masikio, mikono na akili.

Masikio: pigeni makofi kwa kila silabi, ma-ha-ra-ge, makofi manne. Tafuteni maneno yanayoanza kama jina lake. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayezisikia silabi vizuri hupata wepesi baadaye anapoanza kusoma. Herufi ya kwanza ya jina lake aitafute kwenye maandishi ya kanga, pakiti ya chumvi au kibao cha duka.

Mikono: akande unga, afinyange udongo, achore mchangani kwa kijiti, afunge na kufungua vifungo. Vidole vikipata nguvu, penseli haitamtesa.

Akili: kukariri moja hadi ishirini si kuhesabu. Mwambie, "Niletee vijiko vitatu," uone kama ataleta vitatu. Atenge sahani kulingana na watu waliopo. Agawe vipande vya muhogo, aseme nani kapata vingi na nani vichache. Vizibo vya soda ni vifaa vizuri vya kuhesabia, ila viwekwe mbali na wadogo wanaotia kila kitu mdomoni.

Adabu haimnyimi mtoto sauti

Katika nyumba nyingi mtoto mwema ni yule mkimya mbele ya wakubwa. Heshima ni mali yetu na haina budi kulindwa, lakini ifundishwe pamoja na namna ya kusema. Mtoto ajue kuamkia "Shikamoo," ajue kusubiri, na ajue kusema, "Samahani mama, naomba kusema." Akiomba hivyo, apewe nafasi. Mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani huthubutu kumwambia mwalimu kwamba hajaelewa. Na jambo baya likimpata mikononi mwa mtu, anajua pa kulipeleka.

Lugha ipi itumike?

Zungumza naye lugha unayoimudu vizuri, iwe Kiswahili, Kisukuma, Kihaya au nyingine. Mtoto anaweza kujifunza lugha mbili au zaidi kwa pamoja, na wingi wa lugha haumcheleweshi kusema wala haumwondolei akili. Akichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, hilo ni la kawaida. Mzazi anayelazimisha Kiingereza asichokimudu humpa mtoto sentensi fupi na maneno machache, ilhali angeweza kumpa hadithi nzima kwa lugha yake.

Simu na televisheni

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua ni bora zaidi. Katuni haimsubiri mtoto ajibu, wala haijui amesema nini. Kama anatazama, chagua kipindi cha umri wake, kama Akili and Me kinachotengenezwa Dar es Salaam kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, kisha kaa naye, muulize anachokiona. Televisheni inayowaka kutwa bila mtazamaji izimwe, maana huzima mazungumzo ya nyumba. Mwongozo huo pia unataka mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku.

Dalili za kumpeleka kituo cha afya

Usisubiri ukiona mojawapo ya haya:

- Haitiki akiitwa jina, au hashtuki kwa sauti kubwa.
- Ametimiza miaka 2 bila kuunga maneno mawili kama "mama njoo."
- Ametimiza miaka 3 na hata watu wa nyumbani hawamwelewi.
- Alikuwa na maneno, sasa yamepotea, katika umri wowote.
- Hatazami watu usoni, haonyeshi vitu kwa kidole, hachezi na wenzake.
- Sikio linatoa usaha, au kusikia kumepungua baada ya homa ya uti wa mgongo.

Anza kwa kupima masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hawezi kujifunza kusema vizuri. Nenda na kadi yake ya kliniki, eleza ulichokiona na lini kilianza, na uombe rufaa kama kituo hakina mtaalamu. Ikibainika kuwa ni kiziwi, familia nzima ianze mapema kujifunza Lugha ya Alama, kwani naye anahitaji mazungumzo kama mtoto mwingine yeyote.

Usikubali mtoto akatwe udata chini ya ulimi, wala kimeo, mtaani kwa madai kwamba ndiyo dawa ya kuchelewa kusema. Ukataji huo huweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na chanzo halisi hubaki pale pale. Kigugumizi nacho huonekana kwa watoto wengi wa umri huu, na kwa wengi huisha chenyewe. Msikilize kwa utulivu, usimmalizie maneno. Kikiendelea zaidi ya miezi sita, au mtoto akionekana kutaabika, mwone mtaalamu.

Kazi ni ya nyumba nzima

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima nchini Tanzania. Darasani, hata hivyo, mwalimu ana watoto wengi, na hawezi kumpa kila mmoja zamu ndefu ya kusema. Wewe unaweza. Baba anayerudi usiku anaweza kumuuliza mtoto habari za siku wakati wa kula. Dada wa kazi aambiwe wazi kuwa kuzungumza na mtoto ni sehemu ya kazi yake, na asionekane mvivu anapofanya hivyo. Anza leo jioni: muulize mwanao swali moja lisilojibika kwa ndiyo au hapana, kisha msubiri mpaka aseme.