Bunduki ya babu: tuitunze, lakini tusiipige ovyo

Ndugu wanachama, kama nyumbani kuna kalibre 12 ya zamani, ya mitutu miwili, inayotolewa nguruwe wa pori wakiingia mpunga, somo hili ni lenu.

Kusafisha. Kwanza ifungue, uhakikishe mitutu yote miwili ni mitupu, hata kama umeambiwa haina kitu. Hewa ya kwetu Kindu ina unyevu, kutu haichelewi. Pitisha kitambaa kikavu kwa fimbo ya mti, halafu kingine chenye mafuta kidogo ya mashini ya kushonea. Mawese tuyaache kwa sombe: yanaganda, na asidi yake inakula chuma. Isimamishe mdomo chini, mafuta yasilowanishe mti wa kitako. Usiifunge ndani ya plastiki.

Kukagua. Ukiona kwenye mitutu mistari kama nyuzi zilizosokotwa, hiyo ni damas, chuma cha enzi za baruti nyeusi. Usiipige kwa risasi za leo: mtutu unaweza kupasuka na kukata vidole. Alama ELG inaonyesha ilijaribiwa Liège, Ubelgiji, ilipokuwa mpya. Haisemi kitu juu ya hali yake leo. Tena, bunduki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa risasi ya milimita 65. Ile ya 70 inaingia, lakini ikilipuka haipati nafasi ya kufunguka, nguvu inazidi.

Mtutu wenye ufa usichomelewe. Moto unaharibu chuma.

Bunduki ya hivyo ibaki kumbukumbu, pamoja na karatasi zake. Mpunga tuulinde kwa zamu, ngoma na uzio.