"Zamani" ya Juzi: Maoni ya Watazamaji wa Kipindi cha Magari, Butembo na Beni

1. Utangulizi

Makala haya yalizaliwa kutokana na kosa. Nilipochagua kuchunguza maoni ya watu kuhusu kipindi cha televisheni kinachofufua magari mabovu, niliingia gerejini nikiwa na swali moja tu: "Mnapenda kipindi hiki?" Kila mtu alinijibu "iko muzuri," akaendelea na kazi yake. Daftari langu likajaa neno moja. Mhadhiri niliyemwonyesha daftari hilo aliniambia kwa upole kwamba "iko muzuri" si data, bali ni adabu ya mwenyeji kwa mgeni.

Fundi mkubwa wa gereji ndiye aliyeniokoa. Niliporudi na swali lilelile, aliweka kle yake chini akaniuliza: "Mutoto yangu, unauliza juu ya gari ama juu ya batu?" Swali lake lina elimu zaidi kuliko langu. Katika makala haya nafuata njia aliyonifungulia. Nataka kuonyesha kwamba watazamaji wetu wanaposema kipindi "kimebadilika", na kwamba "zamani" kilikuwa bora, mara nyingi hawazungumzii wakati. Wanazungumzia jambo jingine, na lugha yao yenyewe inatuambia ni jambo gani.

2. Kipindi na mabadiliko yake

Kipindi chenyewe ni Wheeler Dealers, kilichoanza Uingereza mwaka 2003 kwenye Discovery. Mpango wake ni rahisi. Mike Brewer, mfanyabiashara wa magari, hununua gari la zamani kwa bei ndogo. Fundi Edd China, mtu mrefu sana mwenye glavu za rangi ya chungwa, hulitengeneza mbele ya kamera, kipande kwa kipande. Mwishoni Brewer huliuza, na hesabu huonyeshwa: bei ya kununua, bei ya vipuri, bei ya kuuza, faida.

Miaka ilipopita, kazi ilihamia California, Marekani. Machi 2017, China alitangaza kwamba anaondoka. Katika maelezo yake kwa watazamaji alisema kwamba watengenezaji wa kipindi walitaka kupunguza sehemu za kina za gerejini, kwa sababu ni ngumu kuzitengeneza, naye hakukubali. Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead, mjenzi wa magari ambaye Waingereza walikuwa wamemwona katika kipindi For the Love of Cars cha Channel 4. Baadaye kipindi kilirudi Uingereza, na fundi akawa Marc Priestley, ambaye zamani alikuwa mekanika wa McLaren katika mbio za Formula 1.

Watazamaji wa Ulaya waligawanyika. Wengi walimlilia China, na baadhi yao walimtupia Brewer lawama na matusi. Wengine walisema Anstead ana mkono mzuri na apewe nafasi. Kwao mabadiliko yalikuwa habari ya miaka: walikua na kipindi, kisha wakaona mwenzao akiondoka.

Kwetu hali si hiyo, na tofauti hii ndiyo msingi wa uchunguzi wangu. Watu niliozungumza nao hawakufuata kipindi mwaka baada ya mwaka. Walikipata kwenye flashi, katika maduka yanayojaza filamu kwenye simu, kikiwa na sauti ya Kifaransa. Vipindi vilikuwa vimechanganyika. Jioni moja mtu anaweza kumwona Anstead kwanza, kisha China, kisha Priestley, kisha China tena.

3. Namna nilivyosikiliza

Niliketi na watazamaji mahali pawili: katika gereji moja ya Butembo baada ya kazi, na nyumbani kwa jamaa huko Beni, kilometa zipatazo 50 kaskazini. Gerejini walikuwemo fundi mkubwa, wasaidizi wake, na kijana mmoja mwanagenzi aliyefika mjini na familia yake wakikimbia vita kijijini mwao, karibu na Beni. Shule aliiacha kabla hajajua Kifaransa. Nyumbani Beni walikuwemo watu wa rika mbalimbali, pamoja na dada mmoja anayeuza vipuri vya magari na pikipiki.

Sikuuliza tena "mnapenda?" Nilikaa, nikatazama nao, nikaandika waliyosema wao kwa wao. Kwa kuwa mimi nilijua Kifaransa, walinipa kazi ya kutafsiri. Kazi hiyo ilinifundisha kitu ambacho nisingekipata kwa maswali. Katika baadhi ya vipindi nilinyamaza kwa muda mrefu na hakuna aliyeniita. Katika vingine niliulizwa kila mara: "Anasema nini? Sasa anasema nini?"

Kwa kuchambua maneno yao nilitumia mgawanyo wa J. R. Martin na P. R. R. White katika kitabu chao The Language of Evaluation cha mwaka 2005. Wao wanatofautisha aina tatu za tathmini: hisia za msemaji mwenyewe, hukumu juu ya mwenendo wa watu, na uthamini wa vitu na kazi. Msomaji atatambua kwamba swali la fundi, "juu ya gari ama juu ya batu", linagusa aina mbili za mwisho. Yeye hakuwa amesoma kitabu hicho.

4. Kuonyesha na kusema

Sehemu za gerejini zilipokuwa ndefu, maneno ya watazamaji yalikuwa juu ya vitu. "Bolti ile ikokauka." "Freni hiyo inahitaji kusafishwa kwanza." Viashiria vilijaa: hii, hapa, pale, hivi, namna hii. Mkono wa fundi kwenye skrini ulionyesha kitu, na vidole vya watazamaji vilionyesha kitu kilekile. Mwanagenzi alikuwa akisogeza mikono yake hewani kana kwamba ameshika kle. Hapo sikuhitajika.

Sehemu hizo zilipofupishwa, na nafasi yao ikachukuliwa na safari, utani na mabishano ya bei, maneno yaligeukia watu. "Huyu anajivuna." "Yule iko na roho muzuri." Hapo nilihitajika sana, kwa sababu utani hauonekani kwa macho. Jijini Kampala wako watu waitwao VJ, ambao huzungumza juu ya filamu kwa Kiluganda na kuongeza vichekesho vyao. Mimi sina kipaji hicho. Nilitafsiri vibaya, wakacheka kwa adabu tu.

Mwishoni mwa jioni ya pili, mmoja wa wasaidizi alitoa hukumu ambayo nimeinakili kama ilivyo: "Ule murefu alikuwa anaonyesha. Bale ba sasa banasema tu."

Tuitazame sentensi hii kama wanafunzi wa lugha. Kitenzi "onyesha" kimetokana na "ona" katika kauli ya kutendesha: kumfanya mtu aone. Kwa hiyo ndani yake kuna watu wawili, anayeonyesha na anayefanywa aone. Huwezi kuonyesha bila kumfikiria mwenzako. "Sema" hakina sharti hilo. Mtu anaweza kusema peke yake chumbani. Msaidizi huyu hakulalamika kwamba watu wapya ni wabaya, wala kwamba magari ni mabaya. Alilalamika kwamba yeye, mtazamaji, ametolewa ndani ya kitenzi.

Kijana mwanagenzi alilisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi. Nilimuuliza kama kipindi cha jioni ile kilimfurahisha. Akajibu: "Iko muzuri, lakini mi sioni mukono." Kwa mwanafunzi wa chuo, kupotea kwa mkono ni suala la mtindo. Kwa kijana asiye na Kifaransa wala shule ya ufundi, mkono ulikuwa somo lote.

5. "Zamani" ya juzi

Sasa nafika kwenye jambo lililonishangaza. Tazama tena ile sentensi: "alikuwa anaonyesha" dhidi ya "banasema". Wakati uliopita wa mazoea unapambanishwa na wakati uliopo. Kila mtu gerejini alizungumza hivyo. "Zamani balikuwa banafundisha." "Siku hizi iko makelele." Kwa kusoma daftari tu, ungedhani hawa ni wazee waliokifuata kipindi tangu 2003. Kumbe walikuwa wamemwona China kwa mara ya kwanza siku chache tu kabla yake, na wengine walimwona baada ya kumwona Anstead.

Nilidhani wamesikia habari za kuondoka kwake, lakini hawakuwa wamesikia. Ndipo ukaja ushahidi wa wazi zaidi. Jioni moja kilichezwa kipindi ambamo Anstead alikuwa akiunda upya kipande cha bati kilicholiwa na kutu. Alipima, akakata, akagonga, akapima tena. Gereji ilinyamaza. Fundi mkubwa akasema kwa kuridhika: "Hii sasa iko ya zamani."

Nikamwambia, "Hapana papa, hii ni ya nyuma ya yule mrefu. Ni mpya kuliko zile." Akanitazama, akacheka: "Basi zamani imerudi."

Sidhani kwamba alikosea. Katika mazungumzo haya, "zamani" haikuwa neno la wakati. Ilikuwa neno la thamani. Iliita jina aina fulani ya kazi: polepole, mbele ya macho, kwa mkono, pamoja na mtazamaji. Kipindi kilichokuwa na sifa hizo kiliitwa cha zamani hata kama ni kipya. Kilichozikosa kiliitwa cha sasa hata kama kilitangulia. Lugha yetu inalizoea jambo hili. Tunaposema "mtu wa zamani" au "adabu ya zamani", mara nyingi hatuhesabu miaka. Tunasifu.

6. Lakini si wote

Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Kule Beni, dada muuza vipuri alichoshwa na sehemu za gerejini. "Mi napenda pale banasikilizana bei," alisema. Kwake yeye Brewer ndiye mwalimu: jinsi anavyozunguka gari, anavyonyamaza, anavyotaja bei ndogo bila kumtukana mwenye mali. Alikuwa na viashiria vyake pia: "Ona hapo, ona hapo ananyamaza." Kwa hiyo naye alitaka kuonyeshwa. Tofauti ni kwamba mkono anaoutafuta yeye ni mkono wa biashara. Tusiseme basi kwamba watu wa ufundi wanapenda mtindo wa kwanza na wengine wanapenda wa pili. Tuseme kwamba kila mtu alisifu pale alipoona kazi yake mwenyewe ikifanywa wazi.

Fundi mkubwa naye, pamoja na kuipenda "zamani", hakuiacha bila lawama. Hesabu ya mwisho ilipoonyeshwa, vipuri hivi, faida hii, aliuliza: "Na mushahara ya fundi iko wapi?" Ni kweli. Kipindi huhesabu gari na vipuri, lakini saa za fundi hazimo katika faida hiyo. Tena kazi ya siku nyingi hukatwa ikawa dakika chache. Mwanagenzi alikiri kwamba aliwahi kumwahidi mteja kwamba kazi itaisha "leo leo", kwa kuwa kwenye skrini iliisha upesi. Mteja alirudi jioni, akakuta injini iko mezani. Fundi ndiye aliyebeba aibu. Kwa hiyo hata mtindo uliosifiwa ulikuwa na kitu ulichokificha: ulionyesha mkono, ukaficha saa.

7. Tunachojifunza

Kwa wenzangu mnaojiandaa kwenda uwandani, natoa mambo matatu.

Kwanza, msiulize "mnapenda?" Swali hilo huvuna adabu. Tazameni pamoja na watu, andikeni wanayoambiana, na hesabuni hata kimya chao. Kimya cha gereji mbele ya bati la Anstead kilikuwa tathmini kubwa kuliko "iko muzuri" zote nilizoandika.

Pili, mkikuta "zamani", "siku hizi" na "sasa" katika maoni ya watu, msikimbilie kuchora mstari wa miaka. Ulizeni kwanza: neno hili linapima wakati, au linapima thamani? Mimi nilijua jibu kwa sababu tu flashi ilikuwa imechanganya vipindi. Mahali pengine ningedanganyika.

Tatu, tazameni vitenzi. Nani yumo ndani ya kitenzi, na nani ametolewa? Fundi, mwanafunzi na kufundisha ni maneno yanayoonekana kuwa ya ukoo mmoja, na watazamaji wangu walizungumza kama watu wanaoujua ukoo huo. Walidai kipindi kiwafanye waone.

Nilipomaliza, nilipeleka rasimu gerejini na kuisoma kwa sauti, kwa sababu maneno ni yao. Mwanagenzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi majina ya Kifaransa ya vipande ambavyo tayari alivijua kwa macho, ili aweze kuvitaja dukani. Tuliiweka karatasi kwenye boneti, yeye akigusa kipande, mimi nikiandika.