Kabla Hujakabidhi Kichwa: Vinyozi wa Nyakisasa, Benaco na Ngara Mjini

Mtu wa Nyakisasa, wilayani Ngara, hana kinyozi mmoja. Ana wa kijijini, wa kumtoa haraka Jumamosi jioni. Ana wa Ngara mjini, anayempitia siku ya kwenda benki au kumwona mgonjwa hospitali ya Murugwanza. Akiwa safarini ana wale wa barabara kuu: Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, kote ambako madereva wa malori yanayotoa mizigo bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hushuka kunyoosha miguu. Wote wana kioo na mashine, na bado unaweza kutoka kwa mmoja ukiitwa bwana harusi na kwa mwingine ukatafuta kofia kabla ya kufika nyumbani. Haya hapa ya kukusaidia kuwalinganisha bila kuumia.

1. Fuata mkono, usifuate kibao

Vijana wengi unaowakuta saluni si wenye saluni. Tajiri kaweka kiti, kioo na mashine. Kijana anampelekea hesabu jioni, au wanagawana. Siku hesabu ikimshinda, au rafiki akimpigia kwamba Nyakanazi kuna pesa, anafunga begi lake. Saluni inabaki na jina lilelile, picha zilezile ukutani na redio ileile, ila mkono uliokupendeza umeshaondoka.

Kwa hiyo sifa ya saluni ina umri mfupi kuliko watu wanavyodhani. "Pale wananyoa vizuri" ni habari ya mwezi uliopita. Chukua namba ya simu ya kijana mwenyewe, na ukifika uliza kama yupo kabla hujakaa. Kinyume chake pia ni kweli: kibanda ulichokiapia mwaka jana kwamba hutakanyaga tena huenda leo kina fundi wa uhakika.

2. Linganisha namba mbili na namba mbili

Ukinyoa kipara kijijini kisha ukachongwa panki Benaco, hujalinganisha kitu. Chagua mtindo mmoja rahisi, kwa mfano namba mbili kichwa kizima, uzunguke nao. Mtindo rahisi ndio unaomwumbua kinyozi, kwa sababu hauna pa kujificha: mistari ya mashine itaonekana, na nyuma ya sikio patabaki kashada ka nywele kama hakuwa makini.

Namba zenyewe si za kubuni. Mmarekani Leo Wahl ndiye aliyeanza kutengeneza mashine za umeme za kunyolea mwaka 1919, na vile vichana vya plastiki vinavyopachikwa mbele ya mashine vimeenea duniani kwa vipimo vinavyokaribiana: namba moja huacha nywele za milimita 3 hivi, namba mbili 6, namba tatu 10, namba nne 13. Tatizo la kwetu ni kwamba kichana cha namba mbili huwa kimepotea au kimevunjika meno. Kinyozi hatakwambia. Atachukua kitana cha kawaida, apitishe mashine juu yake, akuambie ni ileile. Akiwa na mkono mzuri, sawa. Mwombe akuonyeshe kichana kwanza.

Zile picha za ukutani zenye vichwa thelathini vyenye namba? Hizo ni mapambo. Hao vijana nywele zao ni tofauti na zako, na wengine paji lao la uso limeanzia pengine kabisa.

3. Sikiliza mashine kabla haijakugusa

Hapa ndipo wengi hawaangalii, na ndipo maumivu yanapoanzia. Mashine nyingi za saluni zetu ni za sumaku: ndani kuna koili inayolivuta na kuliachia bapa la juu kwa kufuata mapigo ya umeme. Umeme ukiwa na nguvu, mlio ni mmoja, laini, wa kusinzia. Umeme ukiwa hafifu, mashine inanguruma kwa kubabaika, bapa linakosa nguvu, na badala ya kukata unywele linaushika na kuung'oa. Machozi yanakutoka mtu mzima mbele ya watoto.

Wazee wa Ngara wanakumbuka enzi za jenereta za dizeli za TANESCO, kabla wilaya haijaungwa kwenye gridi, jinsi mashine ilivyokuwa ikibadilisha sauti jioni watu wakiwasha taa. Siku hizi hali ni nafuu, lakini mvua za masika na umeme bado havijapatana. Uliza kama kuna mashine ya chaji. Kijijini, penye sola, uliza betri imechajiwa lini. Hakuna aibu kuuliza. Aibu ni kurudi nyumbani na nusu ya kichwa.

Mtazame pia anavyoitunza. Fundi mzuri anasugua meno kwa brashi baada ya kila kichwa, anadondosha tone la mafuta ya cherehani, anakaza ile skurubu ya pembeni mpaka mlio utulie. Mashine ikiwa ya moto kiasi cha kukuunguza shingo, mwambie aipumzishe. Na wewe upande wako, kama umeshuka kwenye bodaboda ukiwa na vumbi jekundu kichwani, omba maji kwanza. Mchanga unaua makali ya mashine, na atakayeng'olewa nywele ni wewe na mteja anayekufuata.

4. Wembe ufunguliwe mbele yako

Hili halina mjadala wa bei. Wembe mpya ni pesa ndogo sana, na kama kinyozi anaona ni hasara, nunua dukani uende nao mfukoni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, na tone la damu linalobeba virusi hivyo si lazima lionekane kwa macho. Kidonda kidogo cha kwenye ukingo wa nywele kinatosha.

Sisi wa Ngara na Biharamulo hatuhitaji kuhubiriwa sana juu ya majimaji ya mwili. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliokuwa umeibukia Biharamulo. Ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, ukiwa umehesabiwa watu kumi, wote wamefariki. Ugonjwa ule unahama kwa kugusana na majimaji ya mgonjwa, na kinyozi anashika vichwa vya watu kutwa nzima. Saluni iliyobaki na ndoo ya maji yenye koki na sabuni mlangoni hata baada ya hofu kupita inapata alama kubwa kwangu kuliko yenye televisheni mbili.

Sasa kuhusu maonyesho. Kuna kile kisanduku chenye taa ya bluu ambamo mashine hutoka kama mkate: mwanga wake haupenyi uchafu, kwa hiyo mashine iliyoingizwa na nywele za mtu imetoka na nywele za mtu. Kuna pia wanaomwagia meno spiriti na kuwasha kiberiti. Moto unapendeza, unadumu sekunde moja, halafu unazimika. Utaratibu unaofaa hauna mbwembwe: nywele zipigwe brashi mpaka ziishe, meno yafutwe kwa spiriti, na spiriti iachwe ikauke yenyewe.

Kwa watoto, adui ni mapunye. Ni ukungu, unahama kwa vitana, mashine na taulo. Mtoto akishapata, mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi kwa kawaida, kwa sababu ukungu umeingia kwenye mizizi ya nywele. Anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya. Ukiona mtoto aliyetangulia ana viraka vya duara kichwani na kinyozi anaita "anayefuata!" bila hata kufuta mashine, mshike mwanao mkono mtoke.

5. Chunguza kisogo cha aliyekutangulia

Mbele kila mtu anapendeza. Kisogoni ndiko kwenye ukweli. Tazama kama mstari wa chini umenyooka, kama kuna vidoa vya damu, kama ngozi imevimba tayari. Wanaume wenye nywele za kujikunja kama zetu tunaota vipele vya kisogo na vya kidevu kwa sababu unywele uliokatwa chini kabisa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vikichokozwa kila wiki vinaweza kuwa makovu magumu yasiyoota nywele.

Ukiwa navyo, usinyoe kipara na usikubali wembe. Mwambie aache milimita moja hadi tatu na asipitishe mashine ileile mahali pamoja mara nne. Kinyozi anayekusikiliza hapo ni wa kumrudia. Yule anayesema "tulia mzee, nitavikata vyote" hafai hata kwa bure.

6. Barabara kuu ina mkono wake

Benaco imezoea wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja, na kambi iliyoota hapo Benaco ikajulikana dunia nzima. Wakimbizi wale walishaondoka, lakini njia panda haijawahi kupoa. Kinyozi wa pale leo anakalisha dereva wa Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Burundi na mkulima wa migomba wa Ngara kwenye kiti kimoja asubuhi moja. Matokeo yake ni mkono mwepesi na stadi wa ndevu kuliko wa kijijini. Hasara yake ni haraka: dereva anataka kuondoka, na wewe usiye na safari unanyolewa kwa mwendo wa dereva. Nenda mchana mweupe, foleni ikiwa fupi, umwambie mapema kwamba hukimbilii gari.

Ukivuka Rusumo kwenda kujaribu mikono ya Rwanda, kumbuka kwao saa iko nyuma kwa saa moja. Utafika ukidhani umechelewa, ukute kijana ndiyo kwanza anafagia. Na upande wa Kabanga, mpakani na Burundi, Kihangaza chako kitakusaidia. Kinafanana na Kirundi kiasi cha kuelezana urefu wa ndevu bila mkalimani.

7. Kwa akina dada

Wanaonyoa chini, mengi ya hapo juu yanawahusu. Ongeza moja: uliza bei kabla, maana kuna vinyozi wanaopandisha wakiona hereni.

Wanaosuka hawana haja ya kufika mjini. Twende kilioni zilizosukwa na jirani barazani mara nyingi zinashinda za saluni, kwani jirani haoni haya ukimwambia anakaza mno. Usikubali kusukwa mpaka nyusi zinyanyuke; kuvutwa huko ndiko kunakokula nywele za pembeni. Kwa dawa ya kulainisha, ndiyo, tafuta mwenye uzoefu na maji ya kutosha. Usikune wala kuosha kichwa siku ya kabla, upakwe mafuta mazito kwenye kingo za nywele, na ikianza kuunguza isuuzwe papo hapo, hata kama dada anasema bado dakika tano. Saluni isiyo na maji ya uhakika isikuguse na dawa.

8. Kwepa Januari

Shule zikikaribia kufunguliwa, kila mzazi anakumbuka siku moja kwamba mwalimu anataka kichwa kifupi. Mashine hazipumziki, brashi inasahaulika, na mapunye yanapata usafiri. Mpeleke mtoto siku tatu nne kabla, asubuhi. Mkesha wa Krismasi, Pasaka na Idi ni hivyo hivyo. Siku hizo usimpime kinyozi yeyote, utamwonea.

9. Usitaje timu

Simba au Yanga, subiri wembe uwekwe chini.

10. Sema ukiwa bado kwenye kiti

Sisi tuna ugonjwa wa kutikisa kichwa mbele ya kioo, "iko poa", kisha tunalalamika mpaka Jumapili. Kinyozi akishika kioo kidogo nyuma yako, tazama kweli. Onyesha kwa kidole. Kijana anayejua kazi hakasiriki, anarekebisha na anakumbuka safari ijayo.

Ukitaka hukumu yangu: mtoto wa shule anyolewe kijijini, kwa kinyozi anayefuta mashine, ndevu zichongwe Benaco mchana, kabla ya harusi au picha ya kitambulisho nenda Ngara mjini, siku mbili kabla ili vipele vitulie. Skrabu na masaji ya uso si lazima, na bei yake iulizwe kabla hujapakwa kitu, kwa sababu ikishapakwa utalipa.